Dai Mapema: Jozi Kubwa Kwenye Meza za Senti

Hotuba kwa wacheza poka wa mtandaoni, Njiro, Arusha

Ndugu mwenyekiti wa kikao, wazee wetu shikamooni, dada zangu na kaka zangu, habari za mchana.

Nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie jambo moja tu: ukigawiwa esi mbili, kingi mbili au kwini mbili kwenye zile meza ndogo za poka mtandaoni, ufanye nini. Nilipofika hapa kijana mmoja alinidaka mlangoni akaniambia, "Kaka, mimi esi mbili sizitaki tena. Kila nikizipata naliwa. Bora saba na nane." Maneno hayo nimeyasikia Kaloleni, nimeyasikia Sakina, na Moshi pale Majengo nimeyasikia vilevile. Nayachukulia kwa uzito, kwa sababu mtu akishaanza kuziogopa karata zake bora, hana tena pa kupatia. Kwenye meza hizi, kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya faida ya mchezaji makini inatoka kwenye jozi kubwa, yaani hizo esi, kingi na kwini mbili mbili, zikichezwa bila woga na bila tamaa.

Kwa aliye mgeni wa mchezo, niseme kwa kifupi. Poka tunayoizungumzia ni ile ya Texas Hold'em. Kila mmoja anapewa karata mbili za siri. Mezani zinafunguliwa tano za wote: kwanza tatu kwa mpigo, ndiyo flopu, kisha ya nne, kisha ya tano. Kila hatua watu wanapita bila kuweka kitu, wanaweka dau, wanalipa dau la mwenzao, wanalipandisha au wanatupa karata. Fedha za katikati tunaziita poti, na anazichukua mwenye karata bora mwishoni, au aliyebaki peke yake wengine wakitupa. Wawili kila mgawo wanalazimika kuweka kitu kabla ya kuona karata zao: huyu blaindi ndogo, yule blaindi kubwa. Meza ya chini kabisa ina blaindi ya senti moja na senti mbili za dola, na mtu anaingia na dola mbili, yaani blaindi kubwa 100. Kwa fedha zetu ni kama elfu tano na kitu. Humo ndimo wengi wetu tulimo, na hakuna aibu. Ni mahali pazuri pa kujifunza kwa bei ya nauli.

Sasa hesabu. Pakiti ya karata 52 inatoa michanganyiko 1,326 ya karata mbili mbili. Esi mbili zinapatikana kwa njia 6 tu kati ya hizo, kwa hiyo utaziona mara moja katika migao 221. Kingi mbili vivyo hivyo, kwini mbili vivyo hivyo. Ukizijumlisha zote tatu, unapata moja yao katika kila migao 74 hivi. Meza moja mtandaoni hugawa mara 60 hadi 80 kwa saa. Maana yake umekaa saa nzima, umetupa takataka, umelipa blaindi zako, ndipo inakuja jozi moja ya maana. Sasa ikija, halafu ukaingia kwa senti mbili kimya kimya kama mwizi, ukaambulia senti nane, hiyo saa nzima imelipwa na nani?

Turudi kwa yule kijana wa mlangoni. Je, ni kweli esi mbili zinaliwa? Ndiyo, zinaliwa, na idadi ya kuliwa kwake inajulikana. Ukiwa na esi mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote, na karata zote tano zikafunguliwa, unashinda mara 85 katika 100. Dhidi ya wawili, mara 73. Watatu, 64. Wanne, 56. Wakiwa watano unashinda mara 49, yaani chini ya nusu. Karata ni zilezile. Kilichobadilika ni idadi ya watu uliowaacha waingie. Kwa hiyo mtu anayeingia na esi mbili bila kupandisha dau, akaburuza nyuma yake watu watano, asishangae akiliwa mara moja kila mgawo wa pili. Hajalogwa.

Lakini hapa wengi wanakosea wanapotoa hitimisho, na ningependa tulielewe vizuri. Mara 49 dhidi ya watu watano si hasara. Mko sita, kila mmoja ameweka sehemu yake moja, wewe unachukua karibu nusu ya sehemu sita. Ni kama sehemu tatu kwa moja uliyoweka. Ikiwa fedha zote zimeshaingia kabla ya flopu, waache waje hata wote. Tatizo ni kwamba kwenye hali ya kawaida fedha haziingii zote kabla ya flopu. Watu wanaingia kwa senti mbili, flopu inafunguliwa, na mtihani unaanza hapo: watu watano mbele yako, mmoja amegonga jozi mbili, mwingine ana kopa nne anasubiri ya tano, maana karata tano za alama moja zinaishinda jozi, na wewe hujui ni yupi. Jozi yako yenyewe haikui. Uwezekano wa kupata esi ya tatu kwenye flopu ni mara moja tu katika 8 na nusu hivi. Wenzako wanapanda, wewe umesimama palepale.

Jozi kubwa ni kama nyanya zilizoiva pale Soko la Kilombero: bei yake ni ya asubuhi. Karata zinazofunguliwa mezani mara nyingi zinaishusha au, kwa bahati, zinaiacha palepale. Ndiyo maana nasema dai mapema. Fedha nyingi ziingie wakati wewe ndiye bora na unajua kwamba ndiye bora.

Na meza za senti zina neema moja ambayo meza za wakubwa hazina. Watu wanalipa. Wanalipa na esi na nne, wanalipa na kingi na tisa, wanalipa kwa sababu karata zimefanana alama, wanalipa kwa sababu wamechoka kutupa. Hadithi za mchezo huu zinawasaidia kulipa. Mwaka 1976, na tena 1977, Doyle Brunson wa Texas alitwaa ubingwa mkuu wa poka kule Las Vegas, na mara zote mbili karata zake mbili za mwisho zilikuwa ya kumi na ya mbili, karata ambazo wewe na mimi tunazitupa bila kuziangalia mara ya pili. Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, aliingia mashindano hayohayo kupitia mchujo wa mtandaoni ambao kiingilio chake hakikufika dola 100, akaondoka na dola milioni 2.5. Watu wamezisikia habari hizi, nao wanataka ya kwao. Mtu wa namna hiyo ndiye mteja wako. Usimfukuze, na usimpe bure.

Basi upandishe kiasi gani? Kwenye vitabu vya meza za juu utaona mara mbili na nusu au tatu ya blaindi kubwa. Kwenye senti mbili mimi nasema mara nne, na ongeza moja kwa kila mtu aliyekwisha kuingia mbele yako. Watu wawili wamelipa senti mbili mbili, wewe una kwini mbili: pandisha hadi blaindi sita, yaani senti 12. Ukiona kwenye meza hiyo bado wanalipa wanne, nenda nane, nenda kumi. Unatafuta kiasi ambacho mmoja au wawili wataendelea kulipa. Wakiondoka wote kila mara, umezidisha. Wakija wote, umepunguza. Na ufanye kiasi hichohicho kwa kila karata unayopandisha, siyo senti sita ukiwa na esi na jeki halafu senti 20 ukiwa na esi mbili, maana hata mlipaji wa usingizini ataona.

Nitaupitia mgawo mmoja pole pole, kwa sababu hapa ndipo fedha zilipo.

Una kwini ya shupaza na kwini ya maua. Umekaa nyuma, karibu na mgawaji, na mtaji wako mezani ni dola mbili kamili. Wawili wameingia kwa senti mbili mbili. Unapandisha hadi 12. Blaindi zote mbili zinatupa, wale wawili wanalipa. Poti ina senti 39: senti 36 zenu watatu, na tatu za blaindi. Flopu: tisa ya kopa, sita ya kopa, tatu ya maua. Wanapita wote wawili. Wewe unaweka 28. Mmoja anatupa, mmoja analipa. Poti 95. Karata ya nne ni mbili ya shupaza, haijamsaidia mtu. Anapita, unaweka 65, analipa. Poti dola 2.25, na wewe umebakiwa na senti 95. Karata ya mwisho, jeki ya uru. Anapita. Unaweka zote 95. Anafikiri mpaka saa yake inakaribia kuisha, analipa, anafungua esi na tisa. Alikuwa na jozi ya tisa tangu flopu, na hakuna siku angeitupa. Poti ni dola 4.15, kampuni inakata makato yake, ambayo kwenye meza ndogo hufika asilimia 5 au karibu yake, na wewe umeondoka na faida ya dola mbili hivi.

Sasa chukua karata zilezile, watu walewale, ila wewe umeingia kimya kwa senti mbili. Blaindi kubwa anaona bure. Poti ina senti 9. Ukiweka theluthi mbili ya poti kila hatua na yuleyule wa tisa akalipa zote, unaweka 6, kisha 14, kisha 33. Mwisho wa yote umemchuma senti 55, na ukijumlisha zilizoachwa mezani na wengine faida yako ni senti 60. Dola mbili dhidi ya senti 60, na hujakosea popote baada ya flopu. Tofauti yote imetokana na zile senti kumi ulizoogopa kuongeza mwanzoni. Na hapo nimechukulia kwamba blaindi kubwa hakuwa na sita na tatu, karata ambazo angezitupa kwa senti 12, lakini ulizomruhusu achungulie bila malipo.

Angalieni tena lile dau la senti 28 kwenye flopu. Mezani kuna kopa mbili. Tuseme aliyelipa ana kopa mbili mkononi, anasubiri ya tano. Karata inayofuata itamletea mara 19 katika 100. Analipa 28 kugombea 67 zilizopo, kwa hiyo anahitaji kushinda mara 29 katika 100 ili bei hiyo iwe halali kwake. Amenunua ghali. Ungeweka senti tano, angehitaji mara 10 tu, na ungekuwa wewe mwenyewe umemfadhili akuue. Watu wanaosema "kila mara kopa ya tano inakuja" wengi wao wamekuwa wakiiuza kopa hiyo kwa bei ya kutupa. Inakuja, ndiyo. Mwenye kopa nne kwenye flopu anaipata ya tano mara 35 katika 100 akiona karata zote mbili zilizobaki. Kazi yako ni kuhakikisha zile mara 65 zimelipiwa.

Kuna jambo linaloniuma ninapolitazama, nalo ni kuvizia. Mtu ana esi mbili, flopu imekuja, anapita ili "asiwashtue". Kwenye meza ya wataalamu kuvizia kuna mahali pake, kwa sababu mtaalamu akiona udhaifu ataweka dau. Mlipaji wa senti mbili hafanyi hivyo. Ukipita, na yeye anapita. Umempa karata bure na poti haijakua. Mlipaji hapandishi, analipa tu, kwa hiyo anayetakiwa kuweka fedha ni wewe. Na ile hofu ya kumshtua haina msingi: mtu aliyekuja na esi na tisa kwa senti 12 hajui kushtuka.

Vivyo hivyo mkwara, yaani kuweka dau bila karata za maana ili mwenzako atupe zake. Kupiga mkwara kwa mtu asiyetupa karata ni kuchoma fedha, tuache hilo.

Tuje kwenye upande wa pili, ambao ni mgumu zaidi kwa moyo wa binadamu: kuachia. Una kingi mbili, umepandisha, mmoja amelipa, flopu inafungua esi. Itatokea mara 23 katika 100, karibu mara moja katika nne, kwa hiyo si mkosi, ni ratiba. Mtu mwenye karata zozote anakuwa na esi mara moja katika nane hivi, ukizingatia kwamba moja imeshaonekana mezani. Lakini aliyelipa dau lako si mtu wa karata zozote. Watu wa meza hizi hukusanya esi, hawaachii esi hata ikiwa na mbili. Mimi hapo naweka dau moja, nusu ya poti, dhidi ya mtu mmoja. Akitupa, vizuri. Akilipa, napunguza mwendo, napita, naona karata ya mwisho kwa bei ndogo kadiri inavyowezekana. Akipandisha, natupa bila kinyongo. Wakiwa wamelipa watatu na esi imekuja, mara nyingi siweki hata hilo dau moja.

Kwini mbili zitaona esi au kingi kwenye flopu mara 41 katika 100. Jeki mbili zitaona karata kubwa kuliko zenyewe mara 57, na kumi mbili karibu mara 70. Ndiyo maana sizihesabu jeki na kumi miongoni mwa jozi kubwa. Nazipandisha dau kabla ya flopu, ila baada ya hapo nazichukulia kama jozi za kawaida. Zile ndogo chini ya hapo ni somo la siku nyingine.

Sasa ile ishara ambayo ningependa kila mmoja aiandike. Mtu amekuwa akilipa tu tangu ulipokaa mezani. Hajapandisha hata mara moja. Karata ya nne au ya tano inafunguliwa, wewe na esi zako mbili unaweka dau kama kawaida, na yeye, kwa mara ya kwanza usiku huo, anapandisha. Tupa. Najua ni esi. Najua umezingoja saa tatu. Tupa. Mlipaji anayepandisha mwishoni ana jozi mbili, ana karata tatu za namna moja, ana mfuatano wa karata tano. Kwenye meza za senti mkwara wa karata ya mwisho kutoka kwa mtu mpole ni nadra mno kiasi kwamba ukiamua kutolipa kabisa, mwisho wa mwaka utakuwa umeokoa fedha nyingi kuliko ulizoibiwa. Ndiyo, mara moja moja atakuwa amekudanganya. Mwachie hiyo. Fedha zako zinatoka kwa mtu anayelipa. Ukiona amegeuka kuwa anayedai, deni limegeuka.

Hii si kanuni kwa kila mtu. Yuko yule mwenye fujo anayepandisha kila mgawo, na kila meza huwa naye usiku wa Jumamosi. Huyo akikupandishia usimkimbie na esi mbili. Huyo mwache aweke mwenyewe, wewe ulipe, na kabla ya flopu mpandishie tena mara tatu ya alichoweka. Kwa hiyo kabla jozi kubwa haijaja, tumia zile migao 74 za kungoja kutazama. Nani analipa tu? Nani ana fujo? Nani anatupa akiguswa? Programu nyingi zinakuruhusu kuweka alama ya rangi au maandishi kwenye jina la mtu. Iweke. Mtu anayecheza meza nne huku anatazama mpira kwenye runinga hataijua ishara hata ikimpiga kofi.

Na kabla ya flopu? Mtu amepandisha, wewe una kingi mbili: pandisha tena, bila kusita. Akirudi tena na fedha zake zote? Kwa mtaji wa blaindi 100 kwenye meza hizi, mimi naweka. Kwenye meza ya watu tisa, wewe ukiwa na kingi mbili, kuna esi mbili kwa mmoja wa wale wanane mara moja tu katika 25 hivi. Wengine watakuja na kwini mbili, jeki mbili, esi na kingi, hata esi na kumi. Ukikutana na zile esi, umekutana nazo; hata hapo bado unashinda mara 18 katika 100. Kwini mbili nazo nazitazama mtu alivyo. Dhidi ya mwenye fujo naweka zote. Dhidi ya mzee mpole anayepandisha kwa mara ya kwanza baada ya saa mbili, natupa na kuendelea na chai yangu.

Niseme kidogo kuhusu sisi wa huku. Meza za mtandaoni zinajaa pale Ulaya na Marekani wanapotoka kazini. Kwa saa zetu, watu wa Ulaya wanakuwa mezani saa nne, saa tano usiku, na wale wa pwani ya mashariki ya Marekani, kwenye tovuti zinazowapokea, wanaingia kuanzia saa nane, saa tisa alfajiri. Hao ndio walipaji wetu, lakini wanakuja wakati wewe macho yamekuwa mazito na asubuhi una kazi. Jozi kubwa inamhitaji mtu aliye macho kuliko karata nyingine yoyote, kwa sababu makosa yake ni ya fedha nyingi. Afadhali ucheze kwa saa moja na nusu tu kuanzia saa nne usiku kuliko kwa muda wa saa nne nzima alfajiri. Na bando. Mtandao ukikatika katikati ya mgawo, programu inakungoja sekunde kadhaa, kisha inakutupia karata, hata ziwe esi mbili na poti iwe imejaa. Msimu wa mvua, umeme ukiyumba, cheza na simu iliyojaa chaji na laini ya pili tayari, au usicheze.

Vijana wengi hapa mmetokea kwenye mikeka ya mpira. Mkeka ukishauweka umeuweka. Timu moja ikikuangusha umechanika. Poka inakupa nafasi ya kutoka katikati, na anayeikataa nafasi hiyo anacheza mkeka kwa karata. Fedha za mchezo zitengwe kabisa. Kwa meza ya kuingia dola mbili, uwe na angalau viingilio 30, dola 60, kama laki moja na nusu na ushee, ambayo hata ikiisha yote nyumbani hakuna anayelala njaa. Huna? Basi cheza zile za bure mpaka uwe nayo. Ada ya mtoto haichezwi. Fedha ya kikoba haichezwi. Mkopo ndiyo kabisa. Nimewaona watu wenye akili nzuri za hesabu wakiipoteza fedha ya kodi ya nyumba, na sababu haikuwa kutojua asilimia. Walipoteza esi mbili mara mbili usiku mmoja wakataka kurudisha kabla ya kulala. Esi mbili zikiliwa mara mbili, funga simu. Meza itakuwepo kesho. Na mnajua kwamba michezo hii hapa nchini inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kwa sheria ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Mdogo wako akikuomba simu "ajaribu tu", mnyime.

Weka daftari. Andika kila jozi kubwa uliyopata: uliingiaje, walilipa wangapi, flopu ilikuwaje, uliweka kiasi gani, uliishia wapi. Usiandike "bahati mbaya". Andika namba. Baada ya miezi michache utaona mwenyewe kama unapoteza kwa sababu ya karata ya tano au kwa sababu ya kulipa pale ulipotakiwa kutupa. Kwa wengi niliokaa nao na kupitia madaftari yao, kopa ya tano imechukua kidogo. Kilichochukua zaidi ni kulipa dau la mwisho la mtu mpole.

Tumalizie kwa zoezi, maana maneno yangu msiyachukue hivihivi. Mkae wawili wawili, kila meza pakiti moja. Toeni kwini mbili mziweke wazi pembeni. Mmoja achanganye 50 zilizobaki afungue tatu, mwingine aandike kama kuna esi au kingi. Rudieni mara 20. Hesabu inasema itatokea mara nane hivi, lakini meza moja itapata nne na nyingine itapata kumi na mbili, na ningependa mlione hilo kwa macho yenu. Mkimaliza, wekeni esi mbili, gawieni watu watano wa kufikirika karata mbili mbili, fungueni zote tano, mwandike nani ameshinda. Mara 20 tena. Pakiti ziko kwenye ile meza ya pembeni, na penseli nimekuja nazo. Matokeo ya meza zote tutayajumlisha ubaoni.